Daftari la Mashairi ya Pasaka

Katika mji wa Cottrell, jimbo la Georgia, hapakuwa na mtoto wa kanisa la Mlima Nebo aliyesimama kusema shairi lake la Pasaka bila kwanza kupita sebuleni kwa Bi Verlene Gaither. Kwa miaka arobaini na mmoja kazi hiyo ilikuwa yake. Wiki sita kabla ya sikukuu aligawa vikaratasi vyenye mashairi, mafupi kwa wadogo na marefu kwa wakubwa, na kila Jumanne na Alhamisi watoto walitoka shule wakaja kupanga foleni barazani mwake, wakinong'ona kama watu wanaosubiri kumwona daktari wa meno.

Masharti yalikuwa machache na hayakubadilika. Visigino pamoja. Mikono ubavuni. Sauti ifike kwenye benchi la mwisho, alikokaa Mzee Purnell ambaye hakusikia vizuri.

"Na macho yenu mtayaweka hapa," aliwaambia, akigusa paji la uso katikati ya nyusi. "Ukimtazama mtu machoni utaogopa. Mtazame hapa, naye atadhani unamtazama machoni. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na wewe."

Kanisani kwao mtoto akikwama katikati ya shairi, waumini humtia moyo. Sauti moja husema kutoka nyuma, "Haya, mwanangu, usiwe na haraka," na nyingine huitikia, na wengine hupiga makofi mpaka maneno yamrudie. Watu walilipenda jambo hilo. Bi Verlene hakulipenda. Kwake yeye lilikuwa alama ya kazi iliyofanywa nusu, na alijivunia kwamba watoto wake hawakuhitaji kusaidiwa na mtu.

Alikuwa na daftari. Kila mtoto alikuwa na ukurasa wake: alirudia shairi mara ngapi, alikwama wapi, na mwalimu alifanya nini. Alikuwa amefundisha baiolojia miaka thelathini na minne katika shule ya sekondari, na hakuamini kitu chochote ambacho hakikuandikwa siku ile ile kilipotokea. Marehemu mumewe, Lucius, alikuwa mpeleka barua aliyepiga pasi shati lake hata katika joto la Agosti. Mtu akitaja jina la Gaither mjini Cottrell, msikilizaji alikaa vizuri kidogo kwenye kiti chake. Bi Verlene alikusudia iendelee kuwa hivyo.

Kisha akaja Nyla.

Nyla alikuwa mtoto wa Rochelle, binti pekee wa Bi Verlene, na wote watatu waliishi nyumba moja. Hakusema neno mpaka alipotimiza miaka minne. Siku aliyosema, alisoma kwa sauti maandishi yote yaliyokuwa nyuma ya upepeo wa kadibodi kanisani, aina ambayo nyumba za mazishi hugawa kama tangazo: jina la nyumba ya mazishi, anwani, na namba ya simu. Tangu hapo pepeo zile ndizo zilizokuwa dunia yake. Alikuwa nazo mia moja na tisa. Alizipanga sakafuni kwa rangi, kisha kwa nyumba za mazishi, kisha kwa miaka, na mtu akiusogeza mmoja alijua hata kama alikuwa chumba kingine. Kinanda cha kanisani kilipoanza aliziba masikio. Nguo zenye lebo shingoni alizivua popote alipokuwa.

"Ana akili kama babu yake," Bi Verlene aliwaambia watu, na hapo alifunga mazungumzo.

Shuleni hawakuona akili. Alipofika miaka saba, akiwa darasa la kwanza, Nyla alikuwa amesimamishwa masomo mara tatu. Kengele ya moto ilipolia aliingia chini ya meza, na mwalimu aliyemvuta mguu alipigwa teke. Katika faili lake waliandika: mkaidi, mgomvi, hatari kwa wenzake. Mara ya tatu walimwita polisi wa shule.

Rochelle alirudi nyumbani siku hiyo akiwa bado na sare ya ghala alikofanya kazi. Alikaa jikoni bila kuvua koti.

"Darasani kwake kuna mtoto mmoja wa Kizungu," alimwambia mama yake. "Kengele ikilia naye anakimbia. Wiki iliyopita alimng'ata mwalimu. Unajua ana nini? Ana msaidizi wake. Ana vifunika masikio vya buluu. Ana kona yenye zulia. Yeye akikimbia anaitiwa mtaalamu. Nyla akikimbia anaitiwa polisi."

"Huyo mtoto amepimwa," alisema Bi Verlene.

"Basi na wetu apimwe."

Walisubiri miezi kumi na mmoja. Barua ilipofika ikisema Nyla ataonwa tarehe ishirini na moja Februari na Daktari Whitcomb, mtaalamu wa usonji, Bi Verlene alifanya lile alilojua kulifanya kuliko mtu yeyote mjini. Alifungua ukurasa mpya katika daftari.

Kwa wiki tatu alimfundisha mjukuu wake kupimwa. Alimfundisha kutoa mkono na kutouvuta. Alimfundisha kutabasamu akihesabu moja mpaka nne. Alimfundisha kusema, "Ninaendelea vizuri, asante, mama, na wewe je?" Alimfundisha paji la uso. Na kwa kuwa Pasaka ilikuwa karibu, alimpa pia shairi lake la beti nne, ikiwa daktari angetaka kusikia jinsi mtoto anavyozungumza. Asubuhi ya siku yenyewe alimsuka nywele misuko midogo iliyonyooka, akamvalisha gauni jeupe aliloling'oa lebo kwa mkasi, na viatu vyeusi vya kung'aa.

"Mama, anakwenda kwa daktari, haendi kubatizwa," alisema Rochelle.

"Anakwenda mbele ya watu wasiotujua. Wataanza na wanachokiona."

Walichokiona ndicho walichokiandika. Nyla alitoa mkono. Alitabasamu. Alisema shairi zima bila kukwama. Barua ya matokeo ilikuja mwanzoni mwa Machi, kurasa mbili. Ilisema mtoto hutazama mtu machoni, ana adabu, huzungumza kwa ufasaha, na hana usonji. Ilisema baadhi ya majibu yake yalikuwa ya ukaidi, na kwamba fujo za shuleni zinatokana na malezi. Ilipendekeza mama yake ahudhurie mafunzo ya kulea.

Siku kumi baadaye ilikuja barua nyingine, ya ofisi ya elimu. Kwa kuwa sasa ilijulikana kwamba mtoto hana tatizo la kiafya, kungekuwa na kikao mwezi Mei kuamua ahamishiwe shule ya watoto watukutu, ile iliyokuwa ng'ambo ya reli, yenye mlango wa kukagua vyuma na walinzi wawili.

Rochelle aliisoma akiwa amesimama. Kisha aliiweka juu ya piano, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimpandishia mama yake sauti.

"Ulimfundisha kujificha."

"Nilimfundisha wasimdharau."

"Wamemdharau akiwa msafi, Mama. Hiyo ndiyo tofauti uliyoleta."

Bi Verlene alitoka akakaa barazani, mikono juu ya magoti, akiwa mnyoofu kama anapigwa picha. Rochelle alijua mama yake akikaa hivyo ameumia. Baada ya muda alitoka na gilasi mbili za chai baridi yenye sukari, akaketi karibu naye.

"Samahani, Mama."

"Usiombe samahani kwa jambo la kweli." Bi Verlene alipokea gilasi lakini hakunywa. "Unamjua Alton?"

"Mdogo wako? Aliyekufa mchanga kwa homa?"

"Hakufa mchanga. Wala hakukuwa na homa."

Akamsimulia, taratibu, akitazama barabara. Alton hakusema mpaka akawa mkubwa. Alikuwa hodari wa kuhesabu mabehewa ya treni ya mizigo, na hakukosea hata mara moja. Wageni walipokuja, mama yao alimpeleka chumba cha nyuma na kumpa boksi la vifungo apange. Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliingia uani kwa mwanamke wa Kizungu, mtaa wa pili, akaanza kupanga upya vibanio vya kamba yake ya nguo ili rangi zifuatane. Hakugusa kingine. Waliomchukua walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakurudi. Alizikwa huko, juu ya kaburi kukiwa na namba badala ya jina.

"Baba alisema tukiulizwa tuseme homa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimesema homa mpaka nikaizoea." Sasa alikunywa chai. "Kila mtoto niliyemsimamisha pale mbele, Rochelle, kila mmoja, nilikuwa nahakikisha hakuna atakayetazama na kusema, huyu ana kasoro, mchukueni."

Rochelle alimshika mkono. Walikaa hivyo mpaka Nyla alipokuja mlangoni kusema kwamba upepeo mmoja wa mwaka 1998 umekunjika pembe, na ni nani aliyeukalia.

Pasaka ile Nyla hakusema shairi. Bi Verlene aliwaambia watu kwamba mjukuu wake amepumzika, na uso wake haukuruhusu swali la pili. Aliyethubutu alikuwa Dada Ernestine tu, mkuu wa wakaribishaji mlangoni, rafiki yake tangu utotoni.

"Dada Verlene, umezeeka au umeokoka upya? Mtoto wa Gaither bila shairi?"

"Mei nitakuwa na kikao. Nitakuhitaji ukae naye nyumbani."

"Nikae naye nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Kaa, na usisogeze pepeo."

Siku ya kikao walikuwa watu watano kuzunguka meza ndefu: ofisa wa elimu, mwalimu mkuu, Daktari Whitcomb aliyeombwa na ofisi kuja kuieleza barua yake, Rochelle, na Bi Verlene aliyevaa suti ya kijivu na kofia yake ya Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya meza ya Bwana. Mbele yake alikuwa ameweka daftari.

"Karibu sana, Verlene," alisema ofisa, kijana mwenye tai nyembamba.

"Bi Gaither," alisema. "Na huyu ni binti yangu, naye ni Bi Gaither. Ukichanganyikiwa, mimi ndiye mwenye kofia."

Rochelle aliinamisha uso kuficha kicheko. Ofisa aliomba radhi na kupekua karatasi zake. "Mtoto hakuja?"

"Hakuja. Mnataka niwaletee mtoto wa miaka minane avunjike mbele yenu ndipo mwamini. Sitafanya hivyo. Nimeleta kazi yangu badala yake."

Mwalimu mkuu alieleza mambo ya meza, teke na kengele. Kisha Daktari Whitcomb alizungumza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye nywele fupi za mvi, na hakuonekana kuwa na ubaya na mtu yeyote. Hilo ndilo lililomsumbua Rochelle zaidi.

"Mtoto wenu anapendeza sana," alisema. "Ninaelewa kwamba familia ilitarajia jibu lingine. Lakini alinitazama machoni muda wote. Watoto wenye usonji mara nyingi huona vigumu kufanya hivyo."

"Alikutazama paji la uso, daktari."

"Samahani?"

"Hapa." Bi Verlene aligusa katikati ya nyusi zake. "Ni mbinu yangu. Nimeifundisha kwa miaka arobaini na mmoja. Wewe si wa kwanza kudanganyika nayo, Mchungaji wetu bado hajui." Alilisukuma daftari mezani. "Ukurasa uliowekewa utepe. Tafadhali soma kwa sauti."

Daktari alimtazama ofisa, ofisa akainua mabega. Akasoma.

"Tarehe tatu Februari. Kutoa mkono, mara arobaini. Bado anauvuta. Tarehe tano. Kutoa mkono, mara thelathini na nane. Ameacha kuuvuta lakini anabana pumzi." Alilisogeza daftari karibu. "Tarehe nane. Salamu, mara sitini na tano. Ameishika yote. Nilipobadilisha swali nikamwuliza amelalaje, alinijibu kwamba anaendelea vizuri, asante, mama. Nilipomwuliza jina la mbwa wa jirani, alijibu hivyo hivyo. Kisha aliingia chini ya piano akakaa dakika hamsini. Tarehe kumi na moja. Kutabasamu kwa kuhesabu..."

Aligeuza ukurasa, akasoma kimya, akageuza mwingine.

"Shairi alilokusomea," alisema Bi Verlene, "alilirudia mara mia mbili na kumi na mbili. Dada mmoja kanisani alibadilisha neno moja kwa utani, Nyla akalia mpaka akatapika. Hilo nalo limo, tarehe kumi na sita. Ulimpima mtoto, daktari, lakini aliyefaulu ni mimi. Na mimi nimekuwa nikifaulisha watoto tangu kabla hujahitimu."

Daktari Whitcomb alikuwa amefungua faili lake mwenyewe na kutafuta kitu kwa kidole.

"Nilimwuliza anapenda kucheza nini," alisema polepole. "Akasema anaendelea vizuri, asante, mama, na wewe je. Nikamwuliza rafiki yake ni nani. Akasema vile vile."

"Ukaandika nini?" aliuliza Rochelle. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Niliandika ukaidi."

"Yule mwenye vifunika masikio vya buluu angekujibu hivyo, ungeandika nini?"

"Hatuwezi kumzungumzia mtoto mwingine," alisema mwalimu mkuu.

"Basi nisimtaje," alisema Rochelle. "Mtoto yeyote. Nywele za rangi ya majani makavu, macho ya buluu, viatu vimefunguka kamba. Akikujibu maneno yale yale mara mbili, unaandika ukaidi?"

Daktari alifungua kifuniko cha kalamu yake, akakifunga, akakifungua tena.

"Hapana," alisema mwishowe. "Ningeandika kwamba anarudia maneno aliyofundishwa. Ningeuliza zaidi."

"Basi andika," alisema Bi Verlene.

Na daktari akaandika, mbele yao, pembeni mwa barua yake mwenyewe, akatia sahihi na tarehe. Kwa hilo Bi Verlene alimheshimu, na baadaye alisema hivyo kwa watu, kwamba yule mama alikuwa na uwezo wa kujisahihisha, jambo ambalo walimu wengi hufa bila kujifunza.

Uhamisho ulisimamishwa. Iliamuliwa Nyla apimwe upya na mtu mwingine, na Rochelle ndiye aliyemchagua: Daktari Bascombe wa Atlanta, mwanamume Mweusi mwenye sauti nene, ambaye alikubali kuja Cottrell na kumwona mtoto nyumbani. Aliuliza jambo moja kwenye simu.

"Katika ukoo, kuna mwingine aliyekuwa kama yeye?"

Rochelle alimpa mama yake simu.

"Yupo," alisema Bi Verlene. "Mdogo wangu. Alton Merriweather. Nitakueleza yote, na uandike jina lake vizuri, kuna t mbili na r tatu."

Siku daktari huyo alipokuja, Nyla alikuwa na fulana iliyogeuzwa nje ndani, na nywele zake zilikuwa zimefumuliwa nusu kwa kuwa alikuwa amechoka kushikwa kichwa. Mikono ya Bi Verlene ilimwasha kutafuta kitana. Aliiweka mfukoni mwa aproni, akafungua mlango. Daktari Bascombe alivua viatu, akaketi sakafuni, na kwa saa mbili hakusema chochote isipokuwa kuuliza ni upepeo gani unafuata. Siku ya pili alizungumza zaidi, na Nyla pia. Aliposimama kuondoka, magoti yakalia.

"Ni usonji," alisema. "Na ni msichana hodari. Ilipaswa mjue miaka minne iliyopita."

Vifunika masikio vilikuja Septemba, pamoja na msaidizi na kona yenye zulia. Na habari zilienea, kama zinavyoenea Cottrell, kuanzia saluni. Mama mmoja alikuja barazani na barua iliyosema mwanawe ni mtundu. Akaja mwingine, na babu mmoja anayelea mapacha. Wote walikuwa Weusi, na barua zote zilifanana kana kwamba ziliandikwa na mtu mmoja. Jumanne na Alhamisi sebule ilijaa tena, safari hii watu wazima, na Bi Verlene aliwagawia madaftari.

"Msiandike 'alifanya fujo'," aliwaambia, akitembea kati ya viti. "Fujo gani? Saa ngapi? Nini kilitangulia? Bwana Tolliver, umeandika 'alikasirika bure.' Hakuna bure. Rudia."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Bwana Tolliver, yule babu wa mapacha, mwenye umri wa miaka sitini na nane.

Pasaka iliyofuata maua meupe ya yungiyungi yalipangwa mbele ya madhabahu, na katika ratiba ya ibada yalichapwa majina ya waliokumbukwa kwa maua hayo, kama kila mwaka. Familia ya Gaither ilikuwa na majina matatu siku zote: Lucius, na baba na mama wa Bi Verlene. Mwaka huu yalikuwa manne. Dada Ernestine, aliyekuwa akigawa ratiba mlangoni, alisoma, akamtazama rafiki yake, akasoma tena. Halafu alimshika bega kwa nguvu, akamwachia apite.

Ilipofika zamu ya Nyla, alikwenda mbele na vifunika masikio vyake na upepeo mmoja mkononi. Hakuwatazama watu. Aliwapa mgongo, akaelekea maua. Bi Verlene, kwenye benchi la kwanza, aliziweka nyayo zake sakafuni zisisogee. Shairi lilikuwa la Nyla mwenyewe, la pepeo, lenye majina saba ya nyumba za mazishi na mwaka wa kila moja. Alifika kwenye la tano akakwama. Upepeo ulianza kutikisika haraka.

Kanisa lilikuwa kimya. Wote walijua ni mtoto wa nani, na walijua bibi yake hapendi kusaidiwa.

"Haya, mwanangu," alisema Bi Verlene Gaither, kwa sauti iliyofika benchi la mwisho. "Usiwe na haraka."

"Usiwe na haraka, mwanangu," Mzee Purnell aliitikia kutoka nyuma, na kanisa zima likafuata, polepole, bila makofi, kwa maana walikuwa wameambiwa kuhusu makofi. Nyla alitikisa upepeo mara tisa. Akasema jina la tano, na la sita, na la saba, akageuka akarudi kuketi karibu na bibi yake.

Alichukua ratiba, akaisoma yote, mbele na nyuma.

"Alton Merriweather ni nani?"

"Mdogo wangu. Alikuwa akihesabu mabehewa ya treni. Hakukosea kamwe."

"Alifika mangapi?"

"Mia moja na kumi na nane, siku moja ya Jumanne."

Nyla alifikiri. "Treni ya Jumanne sasa ina mia moja na nne," alisema. "Ningemwambia."

"Angependa kujua," alisema Bi Verlene, naye hakupunguza sauti, ingawa kwaya ilikuwa imekwisha kusimama na watu wa benchi la nyuma walikuwa wakisikiliza. "Watu wa ukoo wetu wana hesabu nzuri."